Chai Upande wa Maji

Meli ikianza kuinama, wewe unakimbilia upande upi?

Usinijibu haraka. Kila niliyemuuliza kasema atakimbilia upande ulioinuka, na wote waongo. Mimi nimewaona watu kwa macho yangu haya. Binadamu hukimbilia palipo na cha kutazama, hata kama hapo ndipo meli inapolalia. Mimi miaka na miaka nimelipwa mshahara kwa kukimbilia upande mwingine, na toroli la chai mkononi.

Simu ya mjukuu wangu Aziza iko hapa mezani, inasikiliza. Kaniambia, "Bibi, just talk." Haya, naongea. Nyinyi watoto mliokulia hapa Toronto, mnatuona wazee wa mtaa huu wa Crescent Town tunangoja lifti na mifuko yetu, mnadhani tumezaliwa na magoti mabovu. Wee! Magoti yangu yaliishia melini. Meli za magurudumu, pwani za Uingereza huko. Na shule sikusoma, darasa la pili nikatolewa, kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie. Nimechoka pia. Lakini kusimulia hakujawahi kunichosha, hilo tumshukuru Mungu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyangu vya harusi. Ndivyo viatu pekee vya kufunika vidole nilivyokuwa navyo. Nilikuwa nakaa Cardiff, mji wa bandari kule Wales. Kutoka Tanga nilikuja na familia moja ya Kihindi, mimi yaya wa watoto wao. Wao wakaendelea na safari zao hadi huku Kanada, mimi nikabaki, nimeolewa na baharia wa Mombasa. Mwanangu Rukia hajaanza hata kutembea, baba yake akafariki. Nikafua mashuka ya hospitali mpaka mtoto akakua kidogo. Kisha jirani yangu Bi Sahra, mama wa Kisomali, akaniambia: "Kuna meli ya matembezi inatafuta muosha vyombo. Nenda. Mtoto niachie."

Basi nikaenda na viatu vyangu vyeupe. Pale kwenye ngazi ya kupandia kasimama Mkuu wa Wahudumu, mwanamke mrefu, mikono imejaa mabaka ya kuungua.

"Unajua kuosha vikombe?"

"Najua."

"Unatapika?"

"Baharini? Sijui bado."

"Utajua kabla ya chakula cha mchana, mpenzi."

Nilijua kabla ya chai ya asubuhi. Na vile viatu, jamani, havikurudi kuwa vyeupe.

Sasa nikuelezeni meli yenyewe, maana hamjaiona. Meli za siku hizi zina panga la kuzunguka, liko nyuma, chini ya maji, halionekani. Yetu ilikuwa na magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu, na kila gurudumu limefungwa makafi ya mbao yanayochota maji. Juu yake kuna kifuniko kikubwa cha mviringo, kimepakwa rangi na nakshi kama mlango wa tajiri. Moto unachemsha maji kwenye boila, mvuke unasukuma injini, injini inazungusha magurudumu. Na injini haikufichwa! Ilikuwa katikati ya meli, abiria wanaegemea chuma wanaitazama ikipanda na kushuka, imeng'arishwa kama sufuria za bi harusi. Wanaume wa Kiingereza walikuwa na uongo wao: "Mke wangu, naenda kuangalia injini." Anarudi ananuka bia. Baa ilikuwa mlango wa pili.

Kuhusu zamani za meli hizo, aliyenifundisha ni Injinia Mkuu, mzee wa Kiskoti. Alikuwa akija kwenye shimo langu la vyombo kuomba chai nyeusi. Nami nikitaka kupumzisha miguu, namuuliza habari za zamani, maana akianza haondoki.

"Mwanaidi," ananiambia, "kabla ya magari, maskini wa mjini alikuwa haioni bahari. Meli kama hizi ndizo zilizompeleka. Wafanyakazi wa viwandani, wachimba makaa, na wake zao na watoto, siku moja ya mapumziko, wote wanapanda. Kila mji wa pwani ukajenga gati refu la kuingia baharini ili meli zije kwao. Makampuni yakashindana. Manahodha walikuwa wanakimbizana kuwahi gati, abiria wanashangilia!"

"Ikawaje?"

"Magari yakaja. Halafu ndege za kwenda kwenye jua la Uhispania. Meli zikauzwa chuma chakavu, moja moja. Hii imebaki kwa sababu kuna watu wanaoipenda kuliko akili zao."

Na kweli. Yetu ilikuwa inaendeshwa na wapenzi wa meli kuukuu. Utamkuta mwalimu mzima, siku ya likizo yake, kaja kupaka rangi bure. Jina la meli yenyewe sitalitaja, sisi wafanyakazi tulimwita Bibi Kizee. Alizunguka pwani yote. Mwanzo wa msimu tulikuwa Uskoti, visiwa na mvua, mvua na visiwa. Kisha tunashuka kwenye mlango wa bahari wa Bristol, karibu na nyumbani kwangu. Baadaye pwani ya kusini, huko watu ni wengi na bendi inapiga juu ya deki. Tunamalizia mto Thames, London, baridi imeshaanza. Usiku tunalala chini ya deki, vitanda vya juu na chini kama rafu za duka. Kipindi cha baridi meli inafungwa, mimi narudi kwenye mashuka ya hospitali.

Basi, kutoka kuosha vyombo nikapandishwa cheo. Na hapa sikilizeni, maana ndiyo kazi yenyewe.

Meli ya magurudumu ina ugonjwa wake. Watu wakijaa upande mmoja, inainama. Ikiinama, gurudumu la upande huo linazama mno, linameza maji, na la upande wa pili linanyanyuka, linapiga hewa. Meli inaanza kwenda upande kama punda aliyefungwa mzigo vibaya. Nahodha ashike usukani vipi, haisikii. Mabaharia walikuwa na makasha mazito yamejazwa minyororo, yana magurudumu madogo, wanayasukuma upande mwepesi kuisawazisha. Lakini makasha yanashinda watu mia wanaokimbia?

Siku moja mtu kapiga kelele, "Sili!" Sili ni mnyama wa baharini, ana masharubu kama mzee wa baraza. Watu wote, pwaa, upande wa kulia. Meli ikalala. Nahodha akatoa kichwa na kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, tafadhali sogeeni kushoto." Nani kasogea? Hata mmoja. Mimi nimetoka chini na toroli, birika limejaa, Mkuu wa Wahudumu akanipigia kelele, "Mwanaidi! Kushoto! Chai kushoto!"

Nikasukuma, nikaita: "Chai! Chai ya moto! Chai na keki!" Hee! Waliacha sili na masharubu yake. Wakaja kama kuku waliomwagiwa mtama. Bibi Kizee akanyanyuka, akanyooka.

Mkuu wa Wahudumu akacheka mpaka akakaa chini. "Mwingereza ukimwambia hama, anakuuliza kwa nini. Ukimwambia chai iko kule, umeshamkuta kule. Kuanzia leo toroli ni lako."

Tangu hapo kila tukikaribia gati ilikuwa vilevile. Abiria wanajaa upande wa gati, wanataka kushuka, wanataka kuona, wanataka kupunga mkono. Na mimi naambiwa: "Chai upande wa maji!" Upande wa maji ndio ule mtupu, unaotazama bahari, hauna kitu. Nakaa kule na toroli, navuta watu mmoja mmoja, mpaka meli inyooke na kamba zifungwe. Mabaharia walinitania: "Mwanaidi, wewe ndiye kasha letu la minyororo." Nami nawajibu, "Kasha lenu halipiki keki."

Sasa, Penarth.

Penarth ni mji mdogo pembeni ya Cardiff, una gati zuri. Rukia alikuwa na miaka sita. Msimu wote hanioni, au ananiona usiku mmoja nikapita. Nikamwambia: "Mwanangu, Jumamosi meli itapita Penarth. Simama gatini na Bi Sahra. Mama atakupungia mkono." Aliruka ruka huyo! Akavaa koti jekundu ili nimwone.

Jumamosi ikafika. Tunakaribia Penarth, nimejifuta mikono, nimefunga kitambaa kizuri. Sauti ikaja: "Chai upande wa maji!"

Nikaenda. Ningefanyaje? Nimeligeuzia gati mgongo, namimina chai, nasikia watu nyuma yangu wanapiga kelele za kuitana. Koti jekundu sikuliona. Mtaniuliza, meli ikishafungwa kamba si ungekimbia? Hapo ndipo abiria wapya wanapoingia na upepo umewakausha koo, nao wote wanataka chai. Na tukiondoka ni yale yale, wanarudi kujaa upande wa gati.

Nilipopata usiku wa kulala nyumbani, Rukia alikuwa kaketi kitandani ananingoja.

"Hukuja."

"Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa upande wa pili."

"Niliangalia kila uso. Wako haukuwepo."

Ikawa kila Jumamosi ya Penarth ni hivyo. Bi Sahra akaniambia, "Huyu mtoto ataacha kuamini, shauri yako." Nikajikaza, nikapanda hadi kwa Nahodha. Alikuwa mtu mpole, maneno yake machache, kofia imemkaa kama kazaliwa nayo. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea. Nataka mara moja tu nisimame upande wa gati.

"Wewe ukija upande wa gati," akasema, "nani atakuwa upande wa maji?"

"Hakuna."

"Na gurudumu la nje?"

"Litapiga hewa."

"Meli isiyonyooka inagonga gati, Bi Mwanaidi. Na gatini nani amesimama?"

Mwanangu ndiye aliyesimama.

Akatazama maji. Kisha akasema, "Tukikaribia, mimi hupiga honi ndefu. Hiyo ni ya gati. Kuanzia Jumamosi, baada yake nitapiga fupi moja. Hiyo ya mwanao. Mwambie."

Nilishuka ngazi nacheka peke yangu. Mtoto wa muuza chai, anapigiwa honi ya meli! Nikamwambia Rukia, nikamwambia Bi Sahra, nikamwambia na mwenye duka la samaki.

Jumamosi, honi ndefu. Halafu ile fupi, puu! Mimi kule upande wa maji nilimwaga chai kwa furaha. Sasa sikilizeni. Kumbe kule gatini mtoto kajiziba masikio na macho kafumba! Bi Sahra aliponisimulia hakujua acheke au alie. "Ile ndefu ilimtisha. Hiyo fupi hata hajaisikia."

Wiki iliyofuata aliisikia. Nikamuuliza, "Enhe? Umesikia honi yako?"

Akanitazama, na ile sura ya baba yake. "Kila mtu alisikia. Mama, honi haina mkono."

Hilo neno limekaa na mimi mpaka leo. Na Jumatatu meli ilikuwa inaondoka kwenda kusini.

Misimu ikapita. Mkuu wa Wahudumu akastaafu, akaja mwingine, kijana, mwenye kupenda mikutano. Nikapewa chumba chote cha chai, wasichana chini yangu, lakini wakati wa gati toroli nililishika mwenyewe, maana wasichana nao walikuwa wanakimbilia kutazama. Magoti yakaanza. Deki ya chuma inatetemeka kutwa, inapanda kwenye mifupa, ukishuka nchi kavu bado unatetemeka. Nililala nimevaa soksi mbili na bado miguu inaniwaka. Injinia Mkuu akafa, wakamwaga majivu yake baharini kama alivyotaka, injini yake ikipiga polepole.

Na Rukia akakua, akaacha kuja gatini. Ana rafiki zake, ana mambo yake. Nahodha hakujua. Sikumwambia. Kila tukifika Penarth, ndefu, halafu fupi. Nami kule upande wa maji namimina chai, naisikia ikimwita mtu ambaye hayupo.

Nikaacha meli magoti yalipokataa ngazi. Rukia akasomea uuguzi, akaolewa, akaja Kanada, akaniita. Hapa Toronto nilipika kwenye nyumba ya wazee, mwisho mimi mwenyewe nikawa mzee kuliko baadhi yao, nikastaafu. Yeye anakaa Markham, nje kidogo ya mji, ana nyumba na gari. Mimi nimebaki na jengo langu huku, kwa sababu hapa napata wa kuongea naye. Ni mwana mwema Rukia, msinielewe vibaya. Dawa ananiletea, kodi ananisaidia. Lakini tukigombana, hata kama tumeanza na chumvi kwenye mchuzi, tutaishia Penarth. "Wewe hukuwahi hata kutazama." Nitasema, nilikuwa upande wa pili. Atasema, "Ndiyo, Mama, upande wa pili," vile mnavyomjibu mtu anayetoa visingizio. Nikachoka kujitetea. Kuna uchovu wa miguu na kuna uchovu wa maneno, na huu wa pili soksi mbili hazisaidii.

Kiangazi kilichopita Rukia akaja na mwanawe Aziza kunichukua, twende visiwani, hapa kwenye ziwa. Njia nzima analalamika maegesho. Tumefika kwenye feri, nikaona kitu, nikasimama katikati ya watu. Feri ya siku hiyo ilikuwa ile ya zamani, huwa hawaitoi kila siku. Ina magurudumu! Nikaweka mkono kwenye ule ubavu ilipoanza kuzunguka, nikasikia ule mpigo. Mwili ukajua kabla yangu.

Aziza ananipiga picha. "Bibi, you're crying?"

"Upepo," nikamwambia.

Tukaketi. Nina chupa yangu ya chai, ya tangawizi, siendi popote bila hiyo. Tulipofika katikati, mji ukafunguka nyuma, majengo yote na ule mnara mrefu wa Toronto. Watu wote, pwaa, upande mmoja, simu juu. Na Rukia na Aziza wamo. Feri ikainama, kidogo tu, kama mtu anayeegemea ukuta. Sijui hata niliinuka saa ngapi. Magoti haya yanayolia kwenye ngazi za nyumbani, siku hiyo hayakulia. Nikajikuta nimeshavuka niko upande mtupu, chupa mkononi, nimeufungua mfuniko, naita kwa sauti yangu ile ile: "Chai! Chai ya moto huku!"

Mzee mmoja Mchina akaja anacheka, kaniuliza kama ina maziwa. Nikammiminia.

Nikageuka, nikamwona Rukia. Kaacha majengo na mnara. Kasimama katikati ya deki, ananitazama mimi, halafu anautazama ule upande mtupu, halafu maji, halafu mimi tena. Mwanamke mzima, mvi zimemwanza, lakini nilimwona wa miaka sita.

Akaja polepole.

"Hapa ndipo ulipokuwa."

"Hapa hapa."

"Na mgongo umeligeuzia gati."

"Na mgongo. Ukigeuka, chai inamwagika."

Akachukua kifuniko cha chupa, nikammiminia. Yeye sukari kaacha siku nyingi, na chai yangu ni ya Tanga, tamu mpaka meno yanalia. Akainywa yote. Akabaki pale pembeni yangu, mji uko nyuma yetu, hatukuutazama hata kidogo. Kisha akauliza, taratibu, "Ile honi fupi. Aliipiga mpaka lini?"

"Mpaka nilipoacha kazi."

"Hata nilipoacha kwenda?"

"Hata ulipoacha."

Alinishika kiwiko mpaka tukafika.

Basi ndiyo hivyo, wanangu. Mkitaka mafunzo, moja ninalo la hakika: vaeni viatu vizuri siku ya kwanza kazini. Mengine sina uhakika nayo. Nikiwa kitandani, miguu inawaka, najiuliza kama ningelia mbele ya Nahodha ingekuwaje. Naona ingekuwa vilevile. Meli ilikuwa lazima inyooke. Walioshuka salama hawakujua kama kuna mtu kule nyuma na birika, wala haikuwapasa wajue. Ila mmoja. Mmoja nilitaka ajue, na imechukua maisha yangu yote na ziwa la watu wengine.

Sasa ni baridi, theluji dirishani, lifti imeharibika tena. Daktari anazungumzia goti jipya. Mimi namwambia anipe na lingine. Sijui kiangazi nitakikuta na miguu gani.

Leo asubuhi Aziza kaja kunitegea hii simu. Mnawajua watoto wetu wa hapa, unamwita kwa Kiswahili anakuitika kwa Kiingereza. Nikamwambia, mjukuu wangu, mwaka huu kwenye feri sijui kama nitafika. Akaweka simu chini, akanishika mikono yote miwili. Na huyu mtoto akatafuta Kiswahili chake, neno moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Bibi, utafika. Mama atasimama kule gatini, atavaa koti jekundu, nimemwambia. Wewe utasimama upande wa watu, utapunga mkono. Chai nitashika mimi. Mimi nitakaa upande wa maji. Naahidi."